Kuunda upya titi baada ya upasuaji wa saratani: kipandikizi, mnofu wa mwili wako, au kifua kilichoachwa bapa

Mwanamke anapoambiwa kwamba titi lake litaondolewa kwa sababu ya saratani, swali jingine humfikia karibu papo hapo, nalo ni kama angependa titi hilo liundwe upya, na kwa njia ipi. Kwa kawaida huulizwa kana kwamba majibu ni mawili tu: ama kuwekewa kipandikizi cha silikoni au cha maji ya chumvi, ama kuundiwa titi kwa ngozi na mafuta yanayotolewa sehemu nyingine ya mwili wake mwenyewe. Lipo jibu la tatu, la kutounda titi lolote, ambalo lina uzito sawa na hayo mawili ingawa baadhi ya madaktari hulitaja kwa kupita tu. Tena ndani ya jibu la kwanza limo jambo ambalo wagonjwa wengine hulikuta kwenye fomu ya ridhaa muda mfupi kabla ya kutia sahihi: katika nchi zenye benki za tishu, yaani taasisi zinazohifadhi sehemu za mwili zilizochangiwa, kipandikizi mara nyingi hushikiliwa na kipande cha ngozi kilichotoka kwa mtu aliyefariki.

Ulinganisho huu hauulizi ni njia ipi inayotoa titi zuri zaidi kwenye picha. Unauliza kila njia inaudai mwili nini, na inaudai lini, kwa sababu hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Kipandikizi hufanana na mkopo: siku ya kwanza mzigo ni mwepesi, na marejesho hulipwa kidogokidogo kwa miaka. Mnofu wa mwili wako hufanana na malipo taslimu, ambayo huuma siku yanapotolewa, lakini baada ya hapo sehemu kubwa ya deni imekwisha. Sisemi kwamba kukopa harusi kulipa matanga, maana wanawake wengi huishi na vipandikizi vyao miaka mingi bila tatizo. Nasema tu kwamba anayekopa anastahili kuonyeshwa ratiba ya marejesho kabla hajatia sahihi.

Si lazima uamuzi ufanywe wiki hii

Matibabu ya saratani hayapaswi kucheleweshwa, lakini uamuzi wa kuunda titi unaweza kusubiri. Titi linaweza kuundwa siku ileile linapoondolewa, mgonjwa akiwa bado chini ya nusukaputi, au baada ya miezi kadhaa, au hata baada ya miaka mingi. Kufanya yote siku moja kuna faida ya kweli, kwa kuwa ngozi ya titi, na pengine chuchu yenyewe, inaweza kubakizwa, na umbo linalopatikana huwa karibu zaidi na la awali. Hasara yake ni kwamba kidonda kikichelewa kupona au kikiingia maambukizi, tibakemikali au mionzi inaweza kusogezwa mbele, na hapo kile kilichokuwa cha ziada huanza kukwamisha kile kilicho cha lazima. Mgonjwa ambaye hajajua anachotaka ana haki ya kusema "bado", na daktari mzuri hatamwona kuwa msumbufu.

Pia ni vyema kujua mapema kile ambacho hakuna njia inayokitoa. Titi lililoundwa halitoi maziwa, na hisia ya ngozi yake hupungua sana au hupotea, hata pale madaktari wanapojaribu kuunganisha neva. Kwa upande wa saratani yenyewe, kuunda titi hakuongezi uwezekano wa ugonjwa kurudi, wala kwa kawaida hakuzuii kugunduliwa kwake iwapo utarudi.

Siku ya upasuaji na majuma yanayofuata

Kuweka kipandikizi huongeza takriban saa moja hadi tatu kwenye upasuaji, na wagonjwa wengi hulala hospitalini siku moja au mbili. Mara nyingi kazi hufanywa kwa awamu mbili. Katika awamu ya kwanza daktari huweka puto tupu, au lililojazwa kiasi, chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua, ili ngozi itanuliwe polepole. Mbinu hiyo ilienea baada ya daktari Chedomir Radovan kuchapisha uzoefu wake mwaka 1982. Majuma machache baadaye huanza safari za kliniki za kulijaza. Muuguzi hupitisha juu ya ngozi kifaa kidogo chenye sumaku, akatafuta tundu la chuma lililofichwa chini yake, akaweka alama ya wino, akasafisha ngozi, kisha akachoma sindano na kusukuma maji ya chumvi, aghalabu mililita 50 hadi 100 kwa mara moja. Sindano yenyewe huenda isisikike kwa sababu ngozi imekufa ganzi. Kinachosikika ni kifua kukaza kama mtu aliyevaa blauzi ya mdogo wake, na mkazo huo huchukua siku moja au mbili kulegea. Puto likishafikia ukubwa unaotakiwa, huachwa kwa muda, kisha mgonjwa hurudi chumba cha upasuaji mara ya pili ili litolewe na kipandikizi cha kudumu kiwekwe mahali pake. Kwa kuwa maputo mengi yana sumaku ndani, mwenye puto haruhusiwi kwa kawaida kuingia kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku, jambo ambalo anapaswa kulitaja kila anapopelekwa kupimwa.

Upasuaji wa kutumia mnofu wako ni kazi ya namna nyingine kabisa. Kisima kikuu ni tumbo la chini, kati ya kitovu na kinena. Mwaka 1982 Carl Hartrampf na wenzake nchini Marekani walieleza njia ya kupandisha ngozi na mafuta ya tumbo hadi kifuani yakiwa bado yameshikamana na msuli wa tumbo, njia inayojulikana kwa herufi TRAM. Ilileta matiti mazuri, lakini tumbo lililonyang'anywa msuli wake lilidhoofika, na baadhi ya wagonjwa walipata ngiri au uvimbe mahali hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja njia ya DIEP, ambayo msuli huachwa mahali pake, na daktari huchambua mishipa midogo ya damu inayopita ndani yake, akakata kipande cha ngozi na mafuta pamoja na mishipa hiyo, kisha akaiunganisha na mishipa ya kifua kwa uzi mwembamba kuliko unywele, akitazama kwa hadubini. Kwa titi moja kazi hiyo huchukua takriban saa sita hadi nane, na kwa matiti mawili huzidi hapo.

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji huo ndio wenye wasiwasi mkubwa. Karibu kila saa muuguzi huingia, hugusa titi jipya kuona kama lina joto, hulibonyeza kidogo kwa kidole na kutazama rangi inavyorudi, kisha huweka kalamu ya kifaa cha mawimbi ya sauti penye alama ya uzi ili kusikiliza damu ikipita. Sauti ile ya vuu, vuu, vuu ndiyo inayowaruhusu watu wote kupumua. Ikinyamaza, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji usiku huohuo, kwa kuwa mshipa ulioziba unaweza kuokolewa tu ukiwahiwa. Katika vituo vyenye uzoefu, minofu inayokufa yote ni chini ya 5 kwa kila 100, lakini mgonjwa anapaswa kuuliza idadi ya upasuaji wa aina hiyo ambao timu yake huufanya kwa mwaka, maana hii ni kazi ambayo mkono uliozoea huonyesha tofauti. Kulazwa huchukua siku tatu hadi tano, kutembea huanza kwa kuinama kidogo kwa sababu tumbo limeshonwa kwa kukazwa, na kurudi kwenye shughuli za kawaida huchukua majuma sita hadi nane, wakati mwingine zaidi.

Wembamba wasio na mafuta ya tumbo, au waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, hutazamwa mapaja au makalio. Njia ya msuli mpana wa mgongo ina historia ndefu, kwani Mwitaliano Iginio Tansini aliitumia tangu mwaka 1906. Ni imara na haihitaji kuunganisha mishipa kwa hadubini, lakini mara nyingi huhitaji kipandikizi kidogo chini yake ili kupata ukubwa, na bega linaweza kupungukiwa nguvu kwa mtu anayeogelea, anayepanda au anayetegemea magongo kutembea. Kovu la upasuaji wa uzazi, watu huuliza sana, kwa kawaida halimzuii mtu kutumia tumbo lake.

Ngozi ya mchangiaji: inaingia wapi

Hapa ndipo maelezo hupungua kliniki, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Titi linapoondolewa, ngozi inayobaki huwa nyembamba, na kipandikizi kilichowekwa chini yake bila kitu cha kukishika huteleza chini au pembeni. Msuli wa kifua hufunika sehemu ya juu tu. Sehemu ya chini hubaki wazi. Zamani madaktari walilazimika kuinua misuli zaidi ili kupata mfuko kamili, na mgonjwa alilipia kwa maumivu. Utando wa ngozi uliochangiwa huziba pengo hilo. Upande mmoja hushonwa kwenye ukingo wa msuli na upande wa pili kwenye mkunjo wa chini wa titi, ukabeba kipandikizi kama mbeleko inavyobeba mtoto. Madaktari wengine sasa huacha msuli kabisa, wakafunga kipandikizi chote kwa utando huo na kukiweka juu ya msuli, jambo linalopunguza maumivu na kuondoa ile hali ya titi kurukaruka mtu anapokaza kifua.

Utando huo hutoka kwa mtu aliyekubali kabla ya kufa, au ambaye familia yake ilikubali kwa niaba yake, kwamba ngozi yake itolewe. Tofauti na figo au ini, ambavyo kwa kawaida huhitaji damu iwe inazunguka hadi karibu na dakika ya kuvitoa, ngozi inaweza kuchukuliwa saa kadhaa baada ya moyo kusimama, mradi mwili umehifadhiwa kwenye baridi. Ndiyo sababu watu wengi zaidi wanaweza kuchangia tishu kuliko viungo. Ngozi huchukuliwa sehemu zinazofunikwa na nguo, kama mgongo na mapaja, na ndugu bado wanaweza kumtazama marehemu wao wakati wa kumuaga. Historia ya afya ya marehemu huulizwa kwa familia, na damu yake hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina B na C, na kaswende. Kisha ngozi husafishwa kwa maji ya chumvi na dawa zinazoondoa tabaka la juu na seli zote, ikabaki nyavu ya kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, na nyuzi nyingine, nyeupe, yenye unene wa milimita moja hadi mbili au zaidi kidogo. Mwilini nyavu hiyo huwa kama kiunzi: seli na mishipa midogo ya damu ya mgonjwa huingia ndani yake taratibu, na baada ya miezi kadhaa ni vigumu kutofautisha mpaka wake.

Kwa kuwa seli za mchangiaji zimeondolewa, kinga ya mwili haina cha kushambulia, na mgonjwa hahitaji dawa za kuzuia mwili kukataa kiungo, wala aina ya damu hailinganishwi. Hilo hujibu swali la dada au binti ambaye, kwa upendo, hujitolea kutoa mafuta ya tumbo lake ili mgonjwa aundiwe titi. Mnofu wenye seli hai kutoka kwa mtu mwingine ungekataliwa na mwili, isipokuwa watu hao wawe pacha wa kufanana, na hakuna daktari atakayempa mgonjwa wa saratani dawa za kudhoofisha kinga kwa maisha yake yote kwa ajili ya umbo la titi. Anayetoa ngozi kwa njia hii ni marehemu, na kinachotolewa ni kiunzi.

Faida za utando zinajulikana: puto linaweza kujazwa zaidi tangu mwanzo, mkunjo wa chini wa titi hukaa mahali pake, na wagonjwa wengine wanaweza kuwekewa kipandikizi cha kudumu siku ileile bila awamu ya puto. Hasara zake zinajulikana vilevile. Majimaji hukusanyika chini ya ngozi mara nyingi zaidi, mirija ya kuyatoa hukaa siku nyingi zaidi, na tafiti kadhaa zimeonyesha maambukizi zaidi ya yale ya upasuaji usiotumia utando. Wapo pia wanaopata wekundu wa ngozi juu ya utando usiokuwa na homa wala vijidudu, ambao hutoweka wenyewe lakini humtia mgonjwa hofu. Mwezi Machi mwaka 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwakumbusha madaktari na wagonjwa kwamba haijaidhinisha utando wowote wa aina hii mahususi kwa kuunda matiti, na kwamba baadhi ya aina zilionekana kuwa na matatizo zaidi kuliko nyingine. Tangazo hilo halikupiga marufuku matumizi yake, na madaktari huendelea kuutumia kwa hekima yao ya kitaaluma. Lakini linatosha kumfanya mgonjwa aulize ni utando wa aina gani, na kwa nini huo.

Ipo sababu nyingine ya kuuliza. Si kila utando hutoka kwa binadamu: baadhi hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, baadhi kwa ngozi ya ng'ombe, na zipo nyavu za nyuzi za viwandani, nyingine za kudumu na nyingine zinazoyeyuka polepole. Kwa mgonjwa ambaye imani yake au dhamiri yake inahusika, asili ya utando ni habari ya lazima, na mahali pa kuipata ni kliniki, majuma kabla ya upasuaji, wakati bado inawezekana kuagiza aina nyingine. Wagonjwa wengine hawasumbuliwi na nguruwe bali na wazo la kubeba ngozi ya marehemu. Wengine hufarijika nalo. Hisia zote mbili ni halali, na hakuna anayepaswa kuzigundua akiwa ameshavaa gauni la hospitali.

Kwa uaminifu huohuo ni lazima isemwe kwamba tishu zilizochangiwa hupita mikononi mwa wachakataji wanaotoza fedha. Sheria za nchi nyingi hukataza kuuza sehemu ya mwili wa binadamu, lakini huruhusu ada ya kuisafisha, kuipima, kuihifadhi na kuisafirisha, na ada hiyo huufanya utando kuwa miongoni mwa vitu ghali katika upasuaji wote. Ukitumia mnofu wako, gharama hii haipo, na mwenye mnofu wa tumbo wa kutosha kwa kawaida hahitaji utando wa titi kabisa. Ngozi ya mchangiaji, kwa maneno mengine, ni swali la njia ya kipandikizi. Anayechagua njia nyingine anaweza kuliweka kando.

Mionzi hubadilisha hesabu

Kama kuna kipimo kimoja kinachoweza kumfanya mtu abadili uamuzi wake, ni mionzi. Mwili huzungushia kipandikizi chochote gamba jembamba la kovu, na hilo ni jambo la kawaida. Mionzi hulifanya gamba hilo kuwa nene na kulikaza, hadi titi likawa gumu, likapanda juu, likauma. Ngozi iliyopigwa mionzi pia hupona polepole na hupasuka kwa urahisi, kwa hiyo vipandikizi vinavyolazimika kutolewa huwa vingi zaidi kwa wagonjwa hawa. Utando wa mchangiaji hauondoi tatizo hilo, kwa kuwa nao unategemea damu ya ngozi iliyo juu yake.

Mnofu wa tumbo huleta damu yake, na hivyo huvumilia vizuri zaidi kwenye kifua kilichochomwa. Ndiyo maana timu nyingi humshauri mgonjwa atakayepigwa mionzi asubiri, amalize matibabu, aache ngozi itulie kwa miezi kadhaa, kisha aundiwe titi kwa mnofu wake. Wengine huweka puto la muda ili kuhifadhi ngozi wakati wa mionzi, na kulibadilisha kwa mnofu baadaye. Ushauri wangu kwa msomaji ni kwamba kabla ya kulinganisha kitu kingine chochote, amwulize daktari wa saratani swali moja: "Je, kuna uwezekano wa mimi kuhitaji mionzi?" Jibu la ndiyo, au hata la "huenda", linapunguza mvuto wa kipandikizi kuliko hoja nyingine yoyote iliyomo hapa.

Sigara nayo isipitwe. Nikotini hubana mishipa midogo, na mishipa midogo ndiyo inayolisha ngozi ya titi na mnofu uliohamishwa. Madaktari wengi hudai mgonjwa aache kuvuta angalau majuma manne kabla ya upasuaji, na baadhi hukataa kabisa kuhamisha mnofu wa mvutaji. Kisukari kisichodhibitiwa na unene uliopita kiasi huongeza hatari kwa njia zote.

Miaka kumi baadaye

Vipandikizi vya silikoni vilianza mwaka 1962 mjini Houston, kazi ya Thomas Cronin na Frank Gerow, na tangu hapo vimebadilika sana. Kisichobadilika ni kwamba si vya maisha yote. Kadiri miaka inavyopita, ndivyo uwezekano wa kuhitaji upasuaji mwingine unavyokua, ama kwa sababu ya gamba lililokaza, ama kipandikizi kupasuka, ama tu kwa sababu titi la upande wa pili limezeeka na kushuka huku hili likibaki pale lilipowekwa. Silikoni inapovuja, mwenye titi huenda asihisi lolote, na kwa hiyo mamlaka ya Marekani inashauri kipimo cha MRI au cha mawimbi ya sauti miaka mitano hadi sita baada ya kuwekwa, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Cha maji ya chumvi kikivuja huonekana dhahiri, kwani titi husinyaa, na maji yenyewe hufyonzwa bila madhara.

Ipo pia saratani adimu ya mfumo wa limfu inayoota kwenye gamba la kovu linalozunguka kipandikizi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitambua rasmi mwaka 2016. Inahusishwa hasa na vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza. Mwaka 2019 baadhi ya vipandikizi vya namna hiyo viliondolewa sokoni duniani kote. Dalili yake ya kawaida ni titi kuvimba ghafla kwa majimaji miaka mingi baada ya upasuaji, na ikigunduliwa mapema, kutoa kipandikizi pamoja na gamba lake mara nyingi hutosha. Anayechagua kipandikizi leo anaweza kuomba chenye uso laini.

Titi la mnofu huishi kama sehemu nyingine za mwili. Mwenyewe akinenepa, nalo hunenepa; akipungua, hupungua; huwa na joto la mwili na hushuka kwa umri pamoja na mwenzake. Halihitaji kubadilishwa. Lakini bado linaweza kuhitaji marekebisho madogo, kama kuongezewa mafuta yaliyofyonzwa mapajani, ambayo sehemu yake hupotea na huenda yakahitaji kurudiwa, na linaweza kuwa na vinundu vigumu vya mafuta yaliyokufa ambavyo humtisha mtu hadi vipimwe. Kovu la tumbo, linalotoka nyonga hadi nyonga, ni la kudumu. Na tumbo hutumika mara moja tu: aliyelitumia kwa titi la kulia hatalipata tena iwapo la kushoto litahitaji kuondolewa baadaye, hoja ambayo mwenye kurithi hatari ya saratani anapaswa kuipima kabla.

Chuchu, kama haikubakizwa, huja mwisho kwa njia zote mbili, kwa kukunja kipande cha ngozi ya titi jipya na kuchorwa rangi, au kwa kuchorwa peke yake, na wachoraji hodari huchora kivuli kinachoifanya ionekane kama imetokeza ilhali ngozi ni bapa.

Kifua bapa na titi la kuvaa

Njia ya tatu ina upasuaji mmoja, kupona kwa haraka zaidi na matatizo machache zaidi. Lakini kusema "sitaki kuundiwa titi" hakutoshi. Daktari aliyezoea kubakiza ngozi "endapo utabadili mawazo" anaweza kumwachia mgonjwa mikunjo inayoning'inia na kinundu cha mafuta chini ya kwapa, na kurekebisha hayo kunahitaji upasuaji wa pili ambao mgonjwa alikuwa ameukimbia. Anayetaka kifua kilichonyooka aseme kwa maneno hayo, aombe yaandikwe kwenye faili, na ikiwezekana aone picha za kazi ya daktari huyohuyo.

Titi la kuvaa ndani ya sidiria huwapa wengine umbo wanalolitaka wakiwa wamevaa nguo. La pamba hufaa majuma ya mwanzo, kidonda kikiwa bado kibichi. La silikoni, lenye uzito unaokaribia titi la upande wa pili, husubiri kidonda kipone, kwa kawaida baada ya majuma sita hadi nane. Mwenye titi kubwa lililobaki asiudharau uzito huo, maana husaidia mabega yasielemee upande mmoja. Na anayechagua hivi leo hajafunga mlango, kwani mnofu wa tumbo utakuwa bado upo miaka mitano ijayo.

Kwa nani, ipi

Ningelazimishwa kushauri bila kumwona mgonjwa, ningesema hivi. Asiyehitaji mionzi, ambaye hawezi kukaa miezi miwili bila kufanya kazi au kubeba mtoto, na ambaye haoni taabu kurudi hospitalini baada ya miaka, kipandikizi ni chaguo la busara, na utando wa mchangiaji hukiboresha pale daktari anapoweza kueleza sababu yake. Aliyepigwa au atakayepigwa mionzi, mwenye afya ya kuhimili upasuaji mrefu na aliye karibu na kituo chenye timu ya hadubini, atafanya vizuri kuelekea kwenye mnofu wake. Mwenye magonjwa mengine mazito, au aliyechoka na hospitali, au ambaye hajali tu, kifua bapa ni chaguo kamili.

Aliyewekewa utando aombe nakala ya kibandiko chenye namba ya tishu, ambacho hubandikwa kwenye faili siku ya upasuaji. Ni kwa namba hiyo atatafutwa iwapo kundi la tishu litakutwa na kasoro, na ni kwa namba hiyo pia benki ya tishu inaweza kuipelekea familia ya mchangiaji barua isiyo na jina. Baadhi ya wagonjwa waliowekewa utando huuliza kama nao wanaweza kuchangia siku yao ikifika. Kwa ngozi jibu huwa hapana, kwa sababu ya saratani waliyoipata. Lakini konea, lile tabaka angavu la mbele ya jicho, haina mishipa ya damu, na benki nyingi za macho huipokea kutoka kwa mtu aliyewahi kuugua saratani ya matiti.